Sista aliyepiga piano

Lekcha ya leo imeahirishwa, basi nimejifungia hosteli na piano ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia.

Huyu mama kazaliwa Addis Ababa 1923, familia ya wenye vyeo. Ana miaka sita tu akapelekwa shule Uswisi, akajifunza fidla na piano. 1937 Waitaliano wakawakamata yeye na familia yake, wakawafunga kisiwa cha Asinara. Baadaye akasoma muziki Cairo.

Kisha akapata nafasi ya kusoma London. Wakubwa wakamnyima ruhusa! Akasusa kula, akaugua, mwisho akakimbilia utawa: miaka kumi monasteri ya mlimani Gishen, peku, bila piano. Mie mtoto wa Vudee milima naijua, lakini peku miaka kumi? Thubutu.

Sahani yake ya kwanza ilitoka Ujerumani 1967, pesa ya yatima. Dunia ikamjua 2006, Mfaransa Francis Falceto alipoitoa CD yake. Bibi ana miaka 82. Kafia Yerusalemu 2023.

Eti asingenyimwa London tusingeupata muziki huu? Jamani, mie sikubali. Kaibiwa miaka yake yule.

Jirani anagonga ukuta, ngoja nipunguze sauti.