Deni la Mombasa kwa Nyika ya Tsavo

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi ya kuuzuru Mji wa Kale wa Mombasa, teremka hadi Bandari ya Kale, usimame kitambo ukiyatazama maji. Hapo ndipo yalipotia nanga majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na hapo ndipo yalipongoja kusi ili yarejee kwao. Yalileta nguo, tende na vyombo. Yaliporudi yalichukua bidhaa nyingi, na mojawapo ya zile zenye thamani kubwa ilikuwa pembe za ndovu.

Biashara hiyo ni ya kale sana. Msafiri al-Masudi, aliyeandika katika karne ya kumi, alieleza kwamba pembe za pwani yetu zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na Uchina. Wahindi walizichonga bangili za maarusi. Katika karne ya kumi na tisa, watu wa Ulaya na Marekani walizitaka kwa vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Je, pembe hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka bara, katika nyika kame iliyo nyuma ya pwani na nchi za mbele yake. Waata walikuwa wawindaji hodari wa nyika hiyo, nao waliua ndovu kwa uta mkubwa na mishale ya sumu. Wakamba walizibeba pembe kwa misafara, na Wamijikenda wakawa madalali baina yao na wafanyabiashara wa mjini.

Mwaka wa 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda bara. Kazi ilipofika mto Tsavo mwaka wa 1898, simba wawili walianza kuwala wajenzi, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba hao mwezi wa Desemba. Baadaye alidai kwamba walikuwa wameua watu 135, lakini wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao wanakadiria kuwa walioliwa ni kama 35. Bila shaka umekwisha kuisikia hadithi hii, maana wanadamu hupenda kusimulia jinsi mnyama alivyomla mtu. Habari ya wanyama waliomalizwa na watu husimuliwa mara chache.

Mwezi wa Aprili 1948 nyika ya Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Sehemu zake mbili, Mashariki na Magharibi, zapita kilomita za mraba 20,000. Humo mna ndovu wanaoonekana wekundu kwa kujipaka udongo wa nchi hiyo, vifaru weusi, twiga, pundamilia, nyati, na simba ambao madume yao mengi hayana manyoya marefu shingoni. Lakini sheria hiyo iliwageuza Waata kuwa wahalifu. Kazi ya baba zao sasa iliitwa ujangili, na wengi wakatiwa gerezani katika miaka ya 1950. Hebu jiulize: kati ya mwenye uta porini na mwenye mizani mjini, ni nani aliyefaidi zaidi?

Ukame wa 1970 na 1971 uliua ndovu maelfu, kisha wakaja majangili wenye bunduki. Ndovu wa Tsavo, ambao kabla ya ukame walikadiriwa kuwa kama 35,000, walibaki chini ya 7,000 ilipofika mwaka wa 1989. Mwaka huo Rais Daniel arap Moi alizitia moto tani 12 za pembe huko Nairobi, na mataifa yakakubaliana kukomesha biashara ya pembe baina ya nchi na nchi. Hesabu ya mwaka wa 2021 ilionyesha ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Hata hivyo tusijisahau. Mwezi wa Juni 2014, zaidi ya tani 2 za pembe zilikamatwa mjini Mombasa.

Sasa ondoka bandarini, uingie katika nyumba yoyote ya mji huu, ufungue mfereji. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya katika majivu ya volkano, ikaibuka Mzima ikiwa maji maangavu wanamoogelea viboko na mamba. Kutoka hapo maji hufuata bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, mwendo wa kilomita kama 220, mpaka pwani.

Wahenga husema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Kwa karne nyingi mji huu ulijitajirisha kwa pembe za bara, na leo wanywa maji ya nyika ile ile. Basi wewe, kijana, utakapoinua bilauri yako, ukumbuke yatokako maji hayo, na uwe miongoni mwa watakaolilipa deni hili.