Habari za Chambo cha Mayai ya Samoni

Wasikilizaji wetu, kila mvuvi ajua kwamba mshipi na ndoana si kitu pasipo chambo. Wengine hutumia dagaa, wengine nyungunyungu, wengine vipande vya ngisi. Leo twataka kueleza habari za chambo kimoja cha nchi za baridi, ambacho ni mayai ya samaki mwenyewe. Chambo hiki kina historia ya zaidi ya miaka 300, nayo inafaa kujulikana na kila mtu apataye riziki yake majini.

Samoni huzaliwa mtoni, katika maji matamu. Akiisha kupata nguvu hushuka baharini, akakaa huko hata akawa samaki mkubwa, kisha hurudi katika mto aliozaliwa ili atage. Jike hubeba mayai elfu kadhaa, nayo ni mekundu, yamefungwa pamoja katika ngozi nyembamba. Mayai ya samoni wakubwa wa Bahari ya Pasifiki hupata kadiri ya mbaazi. Wakati wa kutaga, mayai mengine huchukuliwa na maji, na samaki walio karibu huyala kwa pupa. Binadamu aliliona jambo hilo, naye akapata shauri.

Katika miaka ya 1650 Mwingereza mmoja, Thomas Barker, aliyekuwa mpishi na mvuvi hodari, aliandika katika kitabu chake kwamba mayai ya samoni ni chambo bora cha kuvulia trauti, samaki wa jamaa moja na samoni. Lakini yai bichi ni laini. Ukilitia katika ndoana hupasuka, na baada ya siku chache huoza. Kwa hiyo watu wakatafuta njia ya kuyahifadhi. Mayai yaliondolewa ngozi, yakaoshwa, yakatiwa chumvi na shura kidogo, yakakaushwa kivulini. Kisha yakashindiliwa katika vyungu na kumiminiwa shahamu iliyoyeyushwa, hewa isiingie. Sababu yake ni ile ile wanayoijua watu wetu wa pwani watengenezao ng'onda: chumvi hunyonya maji, na pasipo maji uozo haupati nafasi.

Basi chambo kikawa bidhaa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Samoni aliye karibu kutaga nyama yake ni hafifu, wala zamani hakuwa na bei kubwa. Sasa mayai yake yakawa na thamani. Wezi wakaenda mitoni usiku na mienge na mikuki, wakawaua majike penye changarawe watagapo. Kila chungu cha mayai kilichouzwa kilikuwa maelfu ya samaki wasiozaliwa. Mwaka 1861 ikatolewa sheria katika Uingereza na Wales, ikakataza kuvua kwa mayai ya samaki, na kuuza, kununua au kuwa na mayai ya samoni. Katazo hilo likaandikwa tena katika sheria ya mwaka 1975.

Ng'ambo ya pili, katika Marekani ya magharibi, mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1864 kiwanda cha kwanza cha kutia samoni katika makopo kilianzishwa huko kwenye mto Sacramento, na mwaka 1866 kikafuata kingine kwenye mto Columbia. Viwanda vilitaka nyama tu. Vichwa, matumbo na mayai mengi yalitupwa. Katika nchi hiyo mvuvi aliyehifadhi mayai ya samaki aliyekwisha kuvuliwa hakuua kwa ajili ya mayai, bali aliokoa kitu kilichokuwa kikipotea. Wavuvi wa huko wakazoea kutumia boraksi, aina ya chumvi ichimbwayo katika majangwa ya California. Boraksi hukausha mayai na kuyazuia yasioze. Baadaye wakaongeza sukari, rangi nyekundu, na dawa iitwayo salfaiti ya sodiamu.

Lakini hata ufundi huo ulikuwa na hasara iliyofichika. Karibu na mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon State waliwalisha samoni wachanga mayai yaliyotiwa dawa hizo, na baadhi yao wakafa. Walipochunguza wakaona sumu ni ile salfaiti. Samaki mkubwa haidhuriki nayo sana, kwa kuwa hunaswa kabla ya kumeza mengi. Lakini wachanga waliookota mabaki walikuwa wakila mauti yao, wala mvuvi hakujua.

Tazameni, basi. Mwingereza wa kale alimaliza samaki kwa kuwaua mama zao. Mmarekani, aliyejiona mwangalifu, aliwadhuru watoto pasipo kukusudia. Wote wawili walikuwa mafundi, na chambo chao kilivua vizuri. Lakini kuvua vizuri leo si kipimo cha pekee. Mkulima mwenye akili hupima pia mbegu aliyoibakiza ghalani. Na mvuvi naye, wa mto au wa ziwa au wa bahari, kabla ya kutupa mshipi wake, na aulize: chambo hiki kimetoka wapi, na mabaki yake yataliwa na nani?