Mlango Utakuwa Wapi?

Mama yangu amekaanga mandazi mlangoni mwa chumba chake Laini Saba tangu nikiwa darasa la pili. Jiko liko nje, unga uko chini ya kitanda, na wateja wanakalia ubao uliolazwa juu ya mtaro. Saa kumi na moja alfajiri mafuta yanachemka. Ikifika saa tatu anaosha karai, anarudisha nusu ya mlango, na duka linageuka nyumba tena. Huo mlango ndio ulionilipia karo mpaka mwaka wa pili wa chuo kikuu, kisha pesa zikakata nikarudi mtaani. Kwa hivyo kila nikisoma mpango wa kuijenga upya Kibera, macho yangu hayatafuti idadi ya ghorofa. Yanatafuta mlango.

Wapangaji miji wana jina la mtaa wenye maduka chini na makazi juu: matumizi mchanganyiko. Siku hizi Nairobi neno hilo liko kila mahali. Mpango wa Railway City, wa kuzijenga upya ekari 425 kuzunguka stesheni ya reli katikati ya jiji, umejengwa juu ya wazo hilo hilo: ofisi, biashara na nyumba pamoja. Ukiwasikiliza wakieleza, utadhani ni jambo lililoteremshwa jana. Kumbe huku kwetu watu wamelala, wamepika, wameshona na wameuza chini ya bati moja kwa zaidi ya miaka mia. Kilichokuwa kikibadilika ni mwenye kalamu ya kuchora ramani.

Wa kwanza kujenga hapa walikuwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, pamoja na familia zao. Waliuita msitu huu Kibra, na kwa Kinubi maana yake ni hiyo hiyo, msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga ardhi hiyo rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Mnubi alikuwa na nyumba, shamba na mifugo mahali pamoja. Alichokosa ni hati. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake miaka ya 1930, iliwaona kama watu wanaokaa kwa ridhaa ya serikali tu, yaani siku ridhaa ikiisha, wanaondoka. Hati walikuja kuipata mwaka 2017, wakati Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: hata saba kwa mia ya ile hifadhi haifiki.

Hizo ekari nyingine zilikwenda wapi? Mimi nakaa juu ya jibu. Nimepanga chumba Olympic, na Olympic, kama Ayany, Fort Jesus na mitaa mingine iliyotuzunguka, iko ndani ya ardhi ile ya zamani. Tukiongea hapa tunasema "kule chini Kibera," kana kwamba sisi tulishuka kutoka kwingine. Ukweli ni kwamba mtaa wetu wenyewe ni mradi wa kuijenga upya Kibera. Ni mradi wa zamani tu, uliokwisha kusahau kwamba ulikuwa mradi.

Na ukitaka kujua ramani hufanywa nini na maisha, tembea Olympic jioni. Nyumba zilichorwa ziwe za familia moja moja, na geti na kipande cha uwanja mbele. Leo uwanja ni duka. Geti limekuwa dirisha la M-Pesa, chumba cha mbele ni cha kinyozi, na nyuma pamepanda fleti ya kupangisha. Pale steji wanawake wamepanga samaki na mboga kando ya barabara. Hakuna mtaalamu aliyewaambia wachanganye matumizi. Tumbo ndilo lililochora. Shida ni kwamba kitu kisichokuwa kwenye ramani huitwa haramu siku serikali inapokihitaji kipisha njia.

Nairobi ilikwisha kuonyeshwa somo hili mapema. Pangani ya zamani ilikuwa kijiji cha Waafrika waliojijengea nyumba na kupangisha vyumba, wakiwemo wanawake wengi ambao kodi ndiyo iliyokuwa kazi yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja, na wenye nyumba wakaelekezwa kwenye mtaa mpya wa Shauri Moyo. Paa walipewa. Lakini nyumba ya Pangani haikuwa paa tu, ilikuwa shamba la mjini, na mavuno yake yalikuwa kodi. Jina Shauri Moyo lenyewe limebaki kama jibu la mtu aliyeambiwa achague wakati machaguo yamekwisha.

Sasa tuje Soweto Mashariki, upande wa pili wa Kibera ukitokea kwetu. Januari 2003 serikali ya Kenya na UN-Habitat walitia sahihi makubaliano ya mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, KENSUP, na Soweto Mashariki ikachaguliwa kuwa mfano. Wazo lilikuwa la busara: badala ya kuwafukuza watu, wahamishie kwa muda kwenye nyumba 600 zilizojengwa Lang'ata, vunja, jenga, kisha warudishe. Familia za kwanza zilihama Septemba 2009. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na mara nyingi kila chumba kilipewa familia yake, jiko na choo wakatumia pamoja. Kesi mahakamani zikachelewesha ubomoaji. Nyumba mpya za Soweto Mashariki zilikabidhiwa Julai 2016. Mtoto aliyehamia Lang'ata akiwa mgongoni mwa mamake alikuwa tayari amevaa yunifomu. Hiyo ndiyo "kwa muda" ya serikali.

Hata hivyo nitasema wazi, mimi sitetei tope. Nimekua nikijua choo cha kulipia, maji ya mtungi na usiku wa moto ambapo jirani anavunja ukuta wako wa mabati ili moto usipite. Mtu aliyepata bomba ndani ya nyumba yake Soweto Mashariki amepata heshima ambayo mamangu hajaijua. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema makazi bora ni haki ya kila mtu. Anayetuambia eti mabanda yana utamaduni wake mzuri yaachwe hivyo, aje alale wiki moja mvua ikinyesha.

Lakini hesabu ndiyo inayonisumbua. Awamu ile ya kwanza ilikuwa na nyumba 822 na vibanda vya biashara 245. Tukigawa kibanda kimoja kwa kila nyumba, nyumba 577 zinabaki bila. Najua si kila mtu ni mfanyabiashara. Wengine wanashuka Industrial Area kwa miguu kila asubuhi, wengine ni mafundi wa mjengo. Hata hivyo, katika Soweto ya zamani hukuhitaji kuwa mfanyabiashara ndiyo uuze. Ulihitaji mlango na watu wanaopita. Kazi ikikatika leo, kesho unatoa jiko nje. Mlango ulikuwa bima ya mtu asiye na bima. Ukimpandisha ghorofa ya nne umempa choo na stima, na umemwondolea wapita njia. Kisha kila mwezi umemdai malipo ambayo mlango ndio uliokuwa ukiyalipa. Akiamua kupangisha nyumba yake na kurudi kwenye mabati, tunamwita mjanja asiye na shukrani, ilhali amepiga hesabu tu.

Kosa la pili liko kwenye orodha. Mpango wowote wa kuhamisha watu huanza kwa kuhesabu, na kuhesabu kuna tarehe. Aliyekuwa kijijini kwa mazishi siku hiyo, aliyehamia wiki iliyofuata, aliyepanga kwa mtu aliyepanga kwa mwingine, hao wote ni moshi. Na hata walioandikwa si sawa: mwenye muundo anadai fidia ya mabati yake, mpangaji anadai pa kulala, na mwenye kibanda cha mlangoni hana safu yake kwenye fomu. Kisha kuna miradi ambayo haisubiri. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga ziliingia alfajiri kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje pamoja na wanafunzi ambao shule zao zilivunjwa. Leo hiyo barabara inapitika vizuri, mimi pia naitumia. Kando yake watu wameshaanza kutandaza bidhaa.

Sasa Soweto Mashariki kuna awamu ya pili, ya nyumba 4,054, karibu mara tano ya ile ya kwanza. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na imeweka kundi la nyumba za jamii kwa wenye kipato kisichozidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni hatua, sikatai. Ila mamangu hana hati ya mshahara ya kuthibitisha anaingiza ngapi. Ushahidi wake ni karai na watu wanaomdai chenji.

Juzi nilimpelekea picha ya ramani kwenye simu, nikamweleza vyumba, lifti, uwanja wa watoto. Aliikuza kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku kama mtu anayechambua mchele.

"Hii ni safi," akasema. "Na mlango utakuwa wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa fleti.

"Huo ni wa kuingilia. Nauliza wa kutokea."

Sikuwa na jibu. Kwa hivyo baraza litakapoitishwa kwa chifu kuhusu Laini Saba, nitakwenda, nitakaa mbele, na nitauliza mambo matatu: orodha ilifungwa siku gani, mpangaji wa mpangaji ameandikwa wapi, na kwa kila nyumba mia kuna nafasi ngapi za kuweka jiko pale watu wanapopita. Mama amesema atakuja pia, bora kisiwe kikao cha asubuhi. Asubuhi anakaanga.