Karatasi Ndani ya Agano Jipya

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1944, Eugene Sledge, kijana wa miaka 20, mwana wa daktari wa mji wa Mobile huko Marekani, alikuwa ndani ya chombo cha chuma kiwezacho kuelea baharini na kutambaa nchi kavu. Mbele yao kulikuwa na Peleliu, kisiwa kidogo cha Palau katika Pasifiki. Mashua za kawaida zingekwama juu ya mwamba wa matumbawe uliokizunguka. Mizinga ya Wajapani ikaanza kunguruma, na vyombo vya wenzao vikawaka moto majini.

Jemadari wao alikuwa amesema kazi itakwisha kwa siku chache. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, kwa kuwa Wajapani wengi walikuwa wamejichimbia ndani ya mapango ya mawe. Jua lilichoma. Maji ya kunywa yaliletwa katika mapipa yaliyokuwa na mafuta, na wenye kiu wakayanywa hivyo hivyo, wengine wakaugua. Kombania ya Sledge iliingia na watu wapata 235. Waliotoka bila jeraha ni 85.

Askari walikatazwa kuweka kumbukumbu za vita. Sledge aliandika kwa siri na kuficha maandishi yake ndani ya Agano Jipya lake dogo. Kutokana na hayo alitunga kitabu kilichotolewa mwaka 1981, wala humo hakujipamba. Anakiri kwamba siku moja aliinama na kisu ili ang'oe meno ya dhahabu ya maiti wa Kijapani, kama alivyowaona wenzake wakifanya. Naye ana Agano Jipya! (Tusiwe wepesi kumhukumu, sisi hatukuwako.)

Mwuguzi wa kombania akamzuia: wazazi wako watasema nini? Sledge akajibu kwamba baba yake ni daktari, huenda angependezwa. Basi yule mwuguzi akatafuta neno jingine: utapata viini vya magonjwa. Hapo Sledge akasita, akayaacha meno, akakata alama za kwenye kola tu.

Ni baadaye sana, akikumbuka, alipotambua kwamba rafiki yake hakuwa akihofia viini hata kidogo.