Jicho Lilinganishavyo Mwanga: Kutoka Mishumaa ya Bouguer hadi Kipeo cha Stevens

Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1760, miaka miwili baada ya kifo chake, mwanasayansi Mfaransa Pierre Bouguer alieleza jaribio lililohitaji mishumaa miwili, ufito na ubao mweupe tu. Mshumaa mmoja uliuangaza ubao kwa karibu, na wa pili, uliokuwa ukitupa kivuli cha ufito, ulisogezwa nyuma hadi kivuli hicho kikapotea machoni. Kilipotea ulipofika umbali wa takriban mara 8 ya mwenzake. Na kwa kuwa mwanga hufifia kwa kadiri ya mraba wa umbali, Bouguer alihitimisha kwamba jicho hushindwa kutambua nyongeza iliyo chini ya sehemu 1 kwa 64 ya mwanga uliopo. Ndiyo maana nyota, ambayo nuru yake ni ileile usiku na mchana, humezwa na anga la adhuhuri: jicho hupima uwiano.

Katika karne iliyofuata, Ernst Heinrich Weber wa Leipzig aliona kanuni hiyohiyo katika uzito unaoinuliwa kwa mkono, na Gustav Fechner, aliyewahi kuyaumiza macho yake kwa kulitazama jua katika utafiti wake, akaijengea hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1860. Kwa mujibu wake, hisi hukua kwa logi ya mwanga, yaani kila mwanga unapozidishwa kwa kiasi kilekile, mng'ao unaohisiwa hupanda ngazi moja tu. Wanajimu walikuwa na ngazi kama hiyo tangu kale, kwani walizipanga nyota katika madaraja 6 kwa kuzitazama tu. Mwanajimu Norman Pogson alipoyawekea kipimo mwaka 1856, tofauti ya madaraja 5 ilikuwa sawa na mwanga mara 100.

Hata hivyo, Mbelgiji Joseph Plateau, aliyekuwa amepofuka kwa miaka mingi, alitangaza mwaka 1872 matokeo yaliyoelekeza kwingine. Aliwaomba wachoraji 8 wachanganye rangi ya kijivu iliyo katikati ya nyeusi na nyeupe, na ingawa kila mmoja alifanya kazi katika mwanga wa karakana yake, vijivu vyao vilikaribia kuwa sawa. Kwa kuwa uwiano wa hisi ulionekana kubaki uleule hata mwanga ulipobadilika, Plateau alipendekeza kwamba hisi hufuata kipeo cha mwanga, wazo ambalo S. S. Stevens wa Harvard alilifufua katika miaka ya 1950 kwa kuwataka watu waupe mng'ao namba. Kipeo alichopata kilikuwa karibu theluthi moja, maana yake mwanga ukiongezwa mara 8, mng'ao huonekana umeongezeka mara 2 tu.

Mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza iliweka kipeuo cha tatu katika kipimo chake cha weupe wa rangi, na kwa njia hiyo hukumu ya macho, iliyoanza kupimwa kwa kivuli cha ufito, ikawa kanuni ya viwanda vya rangi na vya uchapaji.