Kumbukumbu za Polisi katika Kaunti ya Leflore, Mississippi, 1955–2022

Mwezi wa Juni 2022, katika ghala la chini ya jengo la mahakama mjini Greenwood, makao makuu ya Kaunti ya Leflore katika jimbo la Mississippi, Marekani, watu waliokuwa wakipekua masanduku ya karatasi za zamani walikuta jalada, na ndani yake hati ya kukamata mtu. Hati hiyo iliandikwa tarehe 29 Agosti 1955. Ilimshtaki mwanamke mmoja wa Kizungu kwa kosa la kuteka mtu nyara, wala haikutekelezwa kamwe. Miongoni mwa waliopekua walikuwamo jamaa za kijana aliyetekwa, yaani Emmett Till wa Chicago, aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 14.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya mauaji hayo, ambayo yamekwisha kuandikwa na wengi. Kusudi lake ni kuuliza swali dogo zaidi: ilikuwaje karatasi ya umma, ambayo haikupata kufichwa kwa amri ya mtu, ikakaa karibu miaka 67 bila ya kuonekana? Twadhani jibu lake lina manufaa kwa kila mtu atafutaye habari za kale katika ofisi za serikali, popote alipo.

Yapasa kwanza kukumbusha matukio kwa ufupi. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 28 Agosti 1955, Till alichukuliwa kwa nguvu kutoka nyumba ya jamaa yake, mzee Moses Wright, karibu na kijiji cha Money katika Kaunti ya Leflore. Maiti yake ilionekana tarehe 31 Agosti katika mto Tallahatchie, ndani ya kaunti ya jirani iitwayo pia Tallahatchie. Roy Bryant na nduguye wa mama mmoja, J. W. Milam, walishtakiwa kwa kuua. Kesi ilisikilizwa mjini Sumner mwezi wa Septemba, mbele ya baraza la raia 12, wote wanaume weupe, nao wakawaachilia baada ya kushauriana kwa muda wa saa moja na dakika chache. Mwezi wa Novemba baraza jingine, la Leflore, likakataa kuwashtaki kwa kosa la kuteka nyara. Mwezi wa Januari 1956 jarida la *Look* likachapisha maungamo yao. Walijua ya kuwa sheria haikuruhusu kuwashtaki tena kwa kosa lile lile la kuua.

Msomaji ataona kwamba jambo moja liligawanywa na mpaka wa kaunti mbili. Kijana alitekwa Leflore, maiti yake ikaonekana Tallahatchie. Kwa hiyo karatasi za kutekwa zilibaki Greenwood, na karatasi za kuuawa zikawa Sumner. Hili ndilo fundisho la kwanza. Karatasi za polisi hazifuati maisha ya mtu zinayemhusu. Hufuata mipaka ya ofisi iliyoziandika. Atafutaye habari za mtu mmoja hana budi kuujua kwanza mpaka.

Baada ya mpaka, amjue mwenye ofisi. Katika kaunti za Marekani mkuu wa polisi huitwa *sheriff*, nasi tutamwita sherifu. Neno hili lisidhaniwe kuwa na nasaba na sharifu wa pwani yetu, ambalo asili yake ni Kiarabu. Sherifu ni neno la Kiingereza cha kale, lililoungwa kutokana na maneno mawili, la kwanza lenye maana ya wilaya, na la pili lenye maana ya msimamizi au mnyapara. Walowezi wa Kiingereza walivuka nalo bahari, na huko Marekani cheo hicho kikawa cha kupigiwa kura. Katika Mississippi ya 1955 sherifu alikuwa mkuu wa polisi wa kaunti, mlinzi wa mahabusu, na mtoza kodi. Miongoni mwa kodi hizo ilikuwamo kodi ya kichwa, ambayo asiyeilipa hakuweza kupiga kura. Basi mtu mweusi aliyetaka kupiga kura, na yule aliyetaka kuuliza habari za nduguye aliyekamatwa, wote wawili iliwabidi kubisha mlango mmoja. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa kwa mkuu wa wilaya aliyekuwa pia hakimu watalielewa jambo hili bila ya maelezo mengi. Daftari laweza kuwa wazi kwa sheria, na mlango wake ukawa umefungwa kwa hofu.

Wala haikuwa siri kwamba hati imetolewa. Magazeti ya wakati ule yaliitaja. Sherifu wa Leflore aliwaambia waandishi kwamba hakutaka kumsumbua mama mwenye watoto wadogo wawili. Mume wa mwanamke huyo na shemeji yake walikamatwa, yeye akaachwa. Kisha magazeti yakageukia habari nyingine, na karatasi ikarudi sandukuni.

Itafaa pia kutazama lugha ya hati yenyewe. Haikumwita mwanamke yule kwa jina lake, Carolyn. Ilimwita Bibi Roy Bryant, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza na Wamarekani kumtaja mke kwa jina lote la mumewe. Baadaye ndoa ile ikavunjika, akaolewa tena, na mwishowe akajulikana kwa jina la Donham. Kwa hiyo mtu wa karne hii aliyeulizia hati ya Carolyn Donham alikuwa anauliza jina lisilokuwamo katika karatasi yoyote ya 1955. Orodha ya majina haimjui mtu. Inajua herufi tu. Mtafutaji asiyezijua desturi za kutaja watu za zama zile atapita juu ya anachokitafuta.

Na sheria je? Sheria ya uhuru wa habari ya Marekani ya mwaka 1966 inazihusu ofisi za serikali kuu tu, wala haifiki kwa sherifu wa kaunti. Kila jimbo lina sheria yake. Mississippi ilitunga sheria ya kumbukumbu za umma mwaka 1983, nayo inampa kila mtu haki ya kukagua na kupata nakala, ingawa taarifa za upelelezi wa polisi zaweza kuzuiliwa. Lakini sheria ya namna hii hujibu ombi. Haitafuti kwa niaba ya mwombaji. Huko Greenwood masanduku yalikuwa yamepangwa kwa miaka kumi kumi, wala hapakuwa na alama nyingine ya kuonyesha hati hiyo imo wapi. Haki ya kuona kitu kisichojulikana kilipo ni haki nusu.

Kumbukumbu ya kesi ya Sumner, yaani maandishi ya maneno yote yaliyosemwa mahakamani, ilipatwa na msiba mwingine: ilipotea. Wapelelezi wa serikali kuu walipoifungua tena habari hiyo mwaka 2004, walipata nakala hafifu, wakalazimika kuipiga chapa upya. Kama isingalikuwapo nakala hiyo, leo tungekuwa na magazeti tu ya kutuambia mashahidi walisema nini.

Hapa yafaa kulinganisha na habari zetu. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa imehifadhi huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 ya makoloni yake 37 ya zamani, yakiwamo ya Kenya, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Majalada yale yalihamishwa na kufichwa kwa makusudi. Hati ya Leflore haikufichwa na mtu. Ilitosha kwamba hapakuwa na aliyeipanga wala aliyeiulizia. Kenya na Tanzania zote mbili zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Sheria hizo zaweza kuzuia ufichaji wa namna ya kwanza. Huu wa pili hauponywi ila kwa kazi ya makarani, ya kuandika orodha na kuitunza.

Mwezi wa Agosti 2022 baraza la raia la Leflore lilipima tena habari hiyo, likaona ushahidi hautoshi kumshtaki mwanamke yule. Alifariki Aprili 2023, akiwa na umri wa miaka 88. Mama yake Till, Mamie Till-Mobley, alikwisha kufariki Januari 2003, bila ya kuiona hati ile. Karatasi iliyochelewa haikumpa mtu haki mahakamani. Ilichofanya ni kuthibitisha, kwa mwandiko wa kaunti yenyewe, kwamba mwaka 1955 sheria iliamuru jambo, na aliyepewa amri hakutaka kulitenda. Kwa mwandishi wa historia huo si ushahidi mdogo. Ulikaa ndani ya sanduku mjini Greenwood muda wote ambao mama huyo alikuwa hai.