Masonara wa Kimo Kifupi katika Misri ya Kale

Ufupi wa kimo hutokea katika maumbile kwa njia nyingi zisizo na asili moja. Mnazi mfupi wa Pemba huzaa mapema na hurithisha ufupi wake kwa miche yake. Tembo walioishi zamani sana katika kisiwa cha Sicily, ambao aliyekomaa alifika takriban mita 1 tu begani, inadhaniwa walipungua kimo kizazi baada ya kizazi kwa sababu chakula cha kisiwani kilikuwa haba na wanyama wakali wa kuwawinda hawakuwapo. Kwa binadamu sababu inayojulikana zaidi ni akondroplasia, yaani hitilafu ya kijeni inayozuia gegedu za mifupa mirefu zisikue na kugeuka mfupa kwa kiasi cha kawaida, hivyo mikono na miguu hubaki mifupi ilhali kichwa na kiwiliwili vinakua. Watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, na ndiyo maana imeonekana katika kila taifa na kila zama. Hali hiyo isichanganywe na ufupi wa Watwa na Wambuti wa misitu ya Kongo, ambao ni umbile la jamii nzima, lenye viungo vinavyolingana, wala si hitilafu ya aina yoyote.

Misri ya kale imeacha ushahidi mwingi ajabu kuhusu watu wenye ufupi wa viungo, na ushahidi huo unaanza mapema. Katika makaburi madogo yaliyozunguka makaburi ya wafalme wa Nasaba ya 1 kule Abydos, takriban miaka 3000 kabla ya Kristo (KK), yalipatikana mawe ya ukumbusho yaliyochongwa sura za watu wa kimo kifupi, jambo linaloonyesha kwamba walihesabiwa kuwa watu wa nyumba ya mfalme. Karne kadhaa baadaye, katika kipindi ambacho wanahistoria hukiita Ufalme wa Kale, watu hao wanajitokeza tena katika michoro ya kuta za makaburi ya wakubwa, na mara nyingi wanaonekana mahali pamoja: katika karakana ya masonara.

Mchoro ulio maarufu kuliko yote uko Saqqara, katika kaburi la Mereruka, waziri mkuu wa mfalme Teti katika karne ya 24 KK. Kaburi hilo lina vyumba zaidi ya 30, na katika kimojawapo kazi ya madini imechongwa hatua kwa hatua: madini yanapimwa kwenye mizani mbele ya karani anayeandika uzito, wanaume wanapuliza moto wa tanuri kwa mianzi mirefu, kwa kuwa mivukuto ilikuwa haijaanza kutumika, madini yaliyoyeyuka yanamiminwa, kisha yanafuliwa. Kazi ya mwisho, iliyo nyeti kuliko zote, imeachiwa mafundi wa kimo kifupi, ambao wanashughulikia vidani vipana juu ya meza za chini, wakitunga shanga na kufunga ncha za nyuzi, huku vidani vilivyokamilika vikionyeshwa karibu nao. Mchongaji hakuwafanyia dhihaka. Vichwa vyao, vifua vyao na mikono yao mifupi vimechongwa kwa uangalifu uleule aliowapa mafundi warefu, na macho yao yako kwenye kazi.

Kwa nini dhahabu ilikabidhiwa mikono hiyo? Wapo wataalamu waliodai kwamba mtu wa kimo kifupi hawezi kukimbia mbali na hutambulika upesi, kwa hiyo bwana mwenye mali hakuogopa kuibiwa. Hoja hiyo ina udhaifu mkubwa, kwa sababu inamtazama fundi kama mshukiwa tu, na inashindwa kueleza jinsi watu wa kimo hichohicho walivyopata vyeo vilivyo mbali kabisa na sanduku la dhahabu. Véronique Dasen, aliyechapisha mwaka 1993 utafiti mpana kuhusu watu wenye ufupi katika Misri na Ugiriki ya kale, ameonyesha kwamba walitumika pia kama watunza mavazi, watunza wanyama na wahudumu wa karibu wa mabwana zao, na kwamba baadhi yao walipanda ngazi hadi kumiliki makaburi yao wenyewe.

Aliyepanda juu zaidi ni Seneb, ambaye kaburi lake liligunduliwa na mwanaakiolojia Hermann Junker huko Giza katika miaka ya 1920. Maandishi ya kaburi yanamtaja kwa vyeo karibu 20, vikiwamo vya usimamizi wa ufumaji katika jumba la mfalme na ukuhani wa ibada za wafalme waliofariki, Khufu na Djedefre, na yanamhesabia ng'ombe kwa maelfu, ingawa hesabu za namna hiyo katika makaburi ya Misri huenda zilikuzwa. Sanamu ya chokaa iliyopatikana humo, yenye kimo cha sentimita 34 hivi na iliyohifadhiwa Cairo, inastahili kutazamwa kwa makini. Seneb ameketi juu ya kiti amekunja miguu, pembeni yake ameketi mkewe Senetites, mwanamke wa kimo cha kawaida na kuhani wa kike wa miungu Hathor na Neith, ambaye amemkumbatia mumewe kwa mikono miwili. Mahali ambapo miguu ya baba ingeshuka, kama angekuwa mrefu, wamesimama watoto wao wawili, mvulana na msichana, kila mmoja akiwa na kidole mdomoni kwa desturi ya kuchora utoto. Mchongaji alijaza nafasi hiyo bila kuuficha ufupi na bila kuuonea haya, na ni vigumu kupata katika sanaa yote ya kale utatuzi uliotungwa kwa akili na heshima kuliko huo.

Uhusiano kati ya ufupi na ufundi ulikuwa pia na upande wa dini. Ptah, mungu wa Memphis, alikuwa mlinzi wa mafundi, na katika karne za baadaye Wamisri walivaa hirizi ndogo zenye umbo la mtu mfupi aliye uchi, mara nyingi akiwa amekanyaga mamba na kushika nyoka, ambalo wataalamu hulihusisha na Ptah. Nyingi zilitengenezwa kwa faiyansi, yaani unga wa mawe ya kwatzi uliochomwa hadi ukang'aa kwa rangi ya buluu au kijani. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Cambyses, mfalme wa Uajemi, aliingia katika hekalu la mungu huyo na kuicheka sanamu yake, ambayo Herodotus anaifananisha na vinyago vya watu wafupi ambavyo Wafoinike walivifunga kwenye omo za merikebu zao. Bes naye, mungu mwenye miguu mifupi na uso kama wa simba, alilinda wajawazito na watoto wachanga, na sura yake ilichorwa kwenye vitanda na katika nyumba za mafundi wa Deir el-Medina.

Wazo la fundi mfupi halikukaa Misri peke yake. Katika masimulizi ya watu wa Skandinavia, yaliyoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland mnamo mwaka 1220, vibete ndio wahunzi wanaoifulia miungu hazina zake. Nyundo ya mungu Thor ilitoka na mpini mfupi kwa sababu inzi alimng'ata kopeni mmoja wao aliyekuwa akivuta mivukuto. Hakuna ushahidi kwamba wazo hilo lilisafiri kutoka Nile hadi kaskazini, na tofauti yake ni kubwa: vibete wa Skandinavia ni viumbe wa hadithi wakaao chini ya ardhi, ilhali wa Misri walikuwa watu wenye majina, wake na mashamba.

Baada ya Ufalme wa Kale, michoro ya masonara hao inapungua sana, lakini watu wenyewe hawakutoweka katika maisha ya ibada. Mafundisho ya Amenemope, kitabu cha maadili cha Ufalme Mpya, yanakataza waziwazi kumdhihaki mtu wa kimo kifupi, pamoja na kipofu na kiwete. Katika karne ya 4 KK, mtu aitwaye Djeho alizikwa Saqqara ndani ya jeneza la mawe magumu, katika kaburi moja na ofisa mkubwa wa serikali. Maandishi yake yanaeleza kwamba alicheza ngoma katika mazishi ya Apis, fahali mtakatifu wa Memphis, na juu ya kifuniko amechongwa yeye mwenyewe akitazama upande, uchi, kwa ukubwa wa mwili wake halisi wa takriban sentimita 120.